Mnunuzi wa Pili Hayupo

Watu wa vitabu tuna ugonjwa wetu. Mtu akitaja riwaya ya upelelezi tunakunja pua kidogo. Akitaja filamu za Kihindi tunacheka. Akitaja gemu la kompyuta tunamtazama kama mtu aliyeingia sebuleni na viatu vya tope. Kwa hiyo najua ninachojitakia ninaposema kwamba kazi iliyonisumbua kuliko zote mwaka huu, niliyobishana nayo usiku, nikaizima kwa hasira na kuiwasha tena kesho yake, si riwaya wala diwani. Ni gemu la kubuni magari.

Linaitwa Automation. Limetengenezwa na Camshaft Software, kampuni ya New Zealand, na liko Steam tangu 2015, likiuzwa huku likiendelea kujengwa. Yaani tumehamia kwenye nyumba ambayo fundi bado yuko juu ya paa. Unapewa kampuni ya magari. Unabuni injini, unabuni gari la kuibeba, unajenga kiwanda, unauza. Faida ikija unaendelea, isipokuja unafilisika na unaanza upya. Basi.

Nina ugomvi nalo mkubwa na nitausema bila kumung'unya maneno. Lakini ugomvi wenye maana unaanza kwa kumsoma mwenzako vizuri, kwa hiyo nivumilieni tufungue boneti kwanza.

Unaanza na injini. Gemu linakuuliza: silinda ngapi, na zisimame mstari mmoja au zigawanyike kama herufi V? Kipenyo cha silinda milimita ngapi? Pistoni ipande na kushuka umbali gani? Bloku iwe ya chuma cha kusubu au ya alumini? Kemshafti ikae chini isukume valvu kwa vijiti, kama injini za mababu, au ikae juu kwenye silinda hedi? Iwe moja au mbili? Valvu mbili kwa kila silinda, au nne? Kabureta au nozeli? Na kila jibu lina mwaka wake, maana safari inaanza 1946 na kwenda hadi 2020, na teknolojia ya 1985 huipati ukiwa 1955 hata ukilia.

Hapo ndipo utamu unapoanza. Unataka nguvu? Bana zaidi mchanganyiko wa hewa na petroli ndani ya silinda. Ukiubana mno, injini inaanza kugonga, kwa sababu petroli uliyochagua ina okteni ndogo. Sawa, chelewesha cheche kidogo. Mgongo unatulia lakini nguvu uliyoitafuta imeondoka. Weka petroli bora, basi. Gharama ya kuliendesha gari inapanda na baba mwenye watoto wanne anageukia gari la jirani yako. Refusha mwendo wa pistoni upate nguvu ya kuvuta mzigo kwenye mizunguko ya chini. Ukijisahau ukailazimisha injini hiyohiyo izunguke mara 7,000 kwa dakika, konrodi zinakatika. Weka konrodi za chuma cha kufua. Haya, hazikatiki. Ila sasa injini ni ghali, inakaa muda mrefu kiwandani, na gari ulilolikusudia kwa mwalimu wa shule limekuwa la daktari bingwa.

Halafu unakuta injini yako nzuri haitoshei kwenye boneti.

Kila sehemu ina kitelezi cha ubora, kutoka hasi 15 hadi chanya 15. Mimi hiki ndicho kitu ninachokipenda kuliko vyote humu. Ukikivuta kwenda hasi umetamka, kwa mkono wako mwenyewe, kwamba hapa nitalipua. Breki sitazilipua, viti nitavilipua. Gemu halikusuti. Halikuhubirii. Linaandika tu: umeokoa kiasi hiki, umepoteza kiasi hiki. Ukimaliza gari moja una mamia ya maamuzi ya namna hiyo, na ukilitazama likiwa limesimama pale limeng'aa unajua kila mahali ulipodanganya.

Sasa niambieni ni riwaya ngapi za Kiswahili za miaka hii zina kitu kama hicho. Ninazisoma, nyingine nalipwa kuzisoma. Wahusika wetu wanateseka sana, Mungu awasaidie, lakini hawachagui. Mwovu anakuja, mjomba anadhulumu shamba, mume anaoa mke wa pili, mvua inanyesha siku ya mazishi. Mateso yanaanguka kutoka juu kama embe bovu. Kwenye Automation hakuna kitu unachokipata bila kukitolea kingine, na anayetoa ni wewe. Mtu akiniambia huo ni mchezo wa watoto, namuuliza kama ameshawahi kuchagua kati ya watoto wa mtu kupata mkanda wa usalama na kampuni kulipa mishahara mwezi ujao.

Kuna jambo jingine. Fasihi yetu inapanda magari kila siku, ila haijui imepanda nini. Daladala limejaa, kondakta anatukana, muziki unapigwa. Ajali ya basi imekuwa njia rahisi kuliko zote ya kumuua mzazi wa mhusika mkuu. Lakini ni basi gani? Chesisi ya nani, bodi imechomelewa wapi, breki zilikuwa zinavuja tangu lini na nani alijua? Hatuambiwi. Tajiri anashuka kwenye "gari la kifahari", nukta. Mwandishi anayeweza kukueleza mti wa mkungu jani kwa jani hawezi kukuambia kwa nini gari linatoa moshi wa bluu. (Linachoma oili, ndugu mwandishi. Ringi za pistoni zimelika au mipira ya valvu imekauka. Hapo una hadithi nzima: nani aliiendesha hivyo, na nani aliuziwa bila kuambiwa.)

Ninayemtoa kwenye kapu hili ni Ngũgĩ wa Thiong'o. Katika Shetani Msalabani, riwaya aliyoiandika kwa Kikuyu kabla haijaingia kwenye Kiswahili, kuna matatu ya Mwaura, na matatu hiyo ina jina refu kama msafara wa arusi: Matatu Matata Matamu Model T Ford. Ni kichekesho, ndiyo. Ila ni kichekesho chenye uzito, kwa sababu Model T ni gari la kweli. Ford alianza kulitengeneza 1908 na kuliacha 1927, yakiwa yameshatoka zaidi ya milioni 15. Ngũgĩ amelichukua gari ambalo kwa mabwana wa Detroit lilikuwa limekufa na kuzikwa, akalipakia abiria barabarani Kenya huru. Maisha ya pili ya gari, au ya tano, ndiyo ukumbi wa riwaya yake.

Na huo ndio ugomvi wangu na Automation. Mle ndani gari halina maisha ya pili.

Nimecheza saa ambazo sitazitaja hapa kwa heshima ya mke wangu, na kwa saa zote hizo sijakutana na mnunuzi wa pili hata mmoja. Wanunuzi wapo, tena wamepangwa kwa ustadi: kuna anayetaka gari la familia, la mjini, la michezo, la kifahari, la kusambazia mizigo, la porini. Wanaishi katika nchi za kubuni, Gasmea, Hetvesia, Fruinia, Archana, Dalluha, na mtu asihitaji ramani kusikia harufu ya Marekani kwenye Gasmea na ya Ujerumani kwenye Hetvesia. Kila mmoja anakuja na pesa yake, analinganisha, ananunua gari jipya kabisa, anaondoka. Anakwenda wapi? Hakuna ajuaye. Gari linavuka mlango wa duka na kuyeyuka kama chumvi kwenye maji.

Lililo karibu zaidi na maisha baada ya mauzo ni kwamba unaweza kulihamisha gari lako kwenda BeamNG.drive, gemu la Wajerumani linalojulikana kwa namna chuma chake kinavyojikunja kikigonga kitu. Watu wanafanya nini huko? Wanalipeleka ukutani. Yaani gari linauzwa au linapondwa. Katikati, pale ambapo sisi wengine tunaishi, hakuna kitu.

Najua nitakachojibiwa, nimeshajibiwa tayari. Kwamba gemu linahesabu uimara. Ni kweli. Linahesabu gharama za matengenezo. Ni kweli pia. Linahesabu hata jinsi gari linavyohimili mazingira, kutu na mengineyo. Yote kweli, na nalisifu. Lakini tazama hesabu hizo zinasomwa na nani. Zinasomwa na mtu aliyesimama dukani na gari lenye harufu ya plastiki mpya, anayejiuliza litamgharimu kiasi gani yeye. Ni utabiri tu. Hakuna anayelishika gari likiwa na kilomita 180,000 na kutoa ushahidi.

Wengine wanasema: hakuna gemu linaloweza kuiga kila kitu, acha unoko. Jamani. Hili ni gemu linalojua kwamba springi ya valvu ikiwa dhaifu valvu itachelewa kurudi kwenye kiti chake injini ikizunguka kasi. Limepata nafasi ya kuweka hilo. Mtu aliyekuwa na uvumilivu wa kuhesabu springi ya valvu hajakosa nafasi ya kumweka mnunuzi wa pili, hajamwona tu. Na mwandishi asipomwona mtu, sisi wasomaji kazi yetu ni kuuliza kwa nini. Tunafanya hivyo kwa riwaya ya kikoloni yenye mtumishi asiye na jina. Tulifanye kwa hili.

Tena kinachoniudhi ni kwamba hata kwa kigezo chake lenyewe, kigezo cha biashara tupu, gemu limekosea. Alfred Sloan, aliyeiongoza General Motors ikampita Ford, alieleza katika kitabu chake kuhusu maisha yake na kampuni hiyo kwamba mambo manne yaliligeuza soko la magari la Marekani miaka ya 1920: kuuza kwa mkopo wa kulipa kidogokidogo, kupokea gari la zamani kama sehemu ya malipo ya jipya, bodi iliyofunikwa, na toleo jipya kila mwaka. Soma tena la pili. Mtumba! Mmarekani wa kipato kidogo hakuwa tena na haja ya Model T mpya, kwa sababu kwa pesa ileile angepata gari bora lililotumika. Adui aliyemtoa Ford kwenye kiti hakuwa Chevrolet mpya peke yake. Alikuwa pia mtumba wa jirani. Toleo jipya kila mwaka, rangi mpya, bampa mpya, mapezi ya papa ya miaka ya 1950 ambayo gemu linakuruhusu kuyabandika kwa raha zako, yote yana mzizi hapo: lazima gari la juzi lionekane la kizamani ili mwenyewe aliuze. Ukimwondoa mnunuzi wa pili umebaki na mapezi bila sababu yake.

Na leo? Mtu wa Ulaya anayekodi gari kwa miaka mitatu analipa kila mwezi kiasi kinachotokana na swali moja kubwa: baada ya miaka hiyo mitatu litauzika kwa bei gani. Bei ya mtumba imekaa ndani ya bei ya upya tangu siku ya kwanza. Mnunuzi wa pili anazungumza kupitia mfuko wa wa kwanza. Kampuni inayoijua biashara yake inamsikiliza. Kampuni yangu kwenye Automation haina hata sikio la kumsikilizia.

Lakini lililonichekesha hadi nikaacha kucheka ni hili. Watengenezaji wenyewe wanatoka New Zealand. Nchi hiyo ilifungua milango kwa magari yaliyotumika kutoka Japani kuelekea mwisho wa miaka ya 1980, na kufikia 1998 viwanda vyake vyote vya kuunganisha magari vilikuwa vimefungwa. Usukani wao uko kulia, kama wetu. Wananunua kwenye minada ileile ya Japani tunakonunua sisi. Corolla iliyoshuka Auckland na Corolla iliyoshuka Dar es Salaam huenda zililala sehemu moja ya maegesho kule Yokohama zikisubiri meli. Watu wanaoishi katikati ya mitumba, katika nchi ambayo viwanda vyake vilizimwa huku mitumba ikimiminika, wamekaa chini wakaota ndoto ya magari, na ndani ya ndoto hiyo mitumba haimo! Siwalaumu kwa nia mbaya. Nadhani ndivyo ndoto za viwanda zilivyo kila mahali. Mtu anajiota yuko kwenye ubao wa kuchorea, hajioti yuko chini ya gari na bati la kulalia.

Ila sisi hatuna kisingizio cha kuipokea ndoto hiyo ilivyo. Wengi wetu ndio hao wasioonekana.

Gari linaloingia bandarini kwetu lilibuniwa kwa ajili ya mtu mwingine. Alikuwa Osaka au Nagoya, barabara yake lami, na gari jipya lilimdai ukaguzi wa lazima baada ya miaka 3 na kisha kila miaka 2, ukaguzi wenye gharama, hadi siku akaona bora auze. Kenya inalikataa likizidisha miaka 8. Sisi Tanzania tunalipokea na kulibandika ushuru wa uchakavu, neno ninaloliandika kila msimu wa bajeti na bado linanichekesha, kana kwamba gari ndilo linalolipa. Kuanzia hapo linaanza kubuniwa upya. Linanyanyuliwa kwa spesa kwa sababu tumbo linagusa matuta. Probox, gari la kubebea sampuli na vifaa vya ofisi lililotoka 2002, linakuwa mchomoko wa watu tisa na mbuzi. Hiace ya kubebea mizigo inakatwa madirisha na kuchomelewa viti. Nairobi wanachukua chesisi ya lori la Isuzu na kuijengea bodi nzima ya matatu, kuanzia bomba la kwanza hadi taa ya mwisho ya buluu; ukiniambia huko si kubuni magari, sijui unaliitaje.

Katika gemu, ninapofikia miaka ambayo sheria za moshi zinakaza, naweka masega kwenye eksozi na ninapita. Safi. Lakini masega nayajua kwa upande wa pili. Nayajua yakiwa yameziba, gari halivuti mlima, fundi anakuambia "boss, tuyatoe tu". Yakishatolewa hayatupwi, kwa sababu ndani yake kuna platini na paladi na kuna mtu anayenunua. Hewa ya Kariakoo inajengwa na uamuzi huo wa gereji kuliko sheria yoyote iliyosomwa Dodoma. Na uamuzi huo ulianzia kwenye ubao wa kuchorea: mtu alibuni kifaa ambacho kipya chake kinaweza kugharimu robo ya bei ya gari zima mikononi mwa mwenye gari wa tatu, na hakumfikiria mwenye gari wa tatu.

Au chukua oili ya giaboksi. Kuna magari ambayo kitabu chake kinadai oili hiyo haibadilishwi kamwe, imewekwa ya maisha. Maisha ya nani? Fundi yeyote wa Gerezani atakuambia kwamba maana yake ni maisha ya udhamini wa kiwandani. Wahandisi wanayajua haya. Ni kitelezi kimevutwa kwenda hasi, ila hasi hiyo imeandikwa kwenye daftari la mtu ambaye hajazaliwa kwenye hadithi.

Ningependa gemu linionyeshe daftari hilo. Nibuni gari la 1994, niuze, nipate tuzo, nijenge kiwanda cha pili; halafu 2009 linijie, katika nchi ambayo sikuwahi kufungua duka, mtu ananung'unikia kihisi kimoja nilichokificha nyuma ya injini ili niokoe dakika nne za kuunganisha. Na jina la kampuni yangu lipande au lishuke kwa sababu yake. Toyota inaheshimiwa Mbeya na Kisumu kwa sababu hiyohiyo hasa: kwa watu wengi, miaka mingi, gari lao limekuwa zuri mikononi mwa mtu ambaye hakulinunua jipya. Peugeot 504 ilishinda Safari Rally 1975 na 1978, lakini wazee wa Kenya wakiikumbuka hawakumbuki kombe. Wanakumbuka ile ya nyuma ndefu iliyojaa abiria kwenda magharibi usiku, injini ikiwa imeshushwa mara nyingi kuliko umri wa dereva.

Kuna upande mmoja ambao gemu liko sahihi kuliko sisi, na lazima niuseme, maana uzalendo wa magari nao unanichosha. Kila baada ya muda mtu anaibua Nyayo Pioneer: Rais Moi aliagiza 1986, Chuo Kikuu cha Nairobi kikaongoza kazi, yakatoka magari 5 ya majaribio, moja likakimbia kilomita 120 kwa saa. Halafu kimya. Na makala yote yanaisha kwa kilio kimoja, kwamba tungethubutu tungeweza. Hebu wakae na Automation jioni tatu. Watagundua kwamba kubuni gari ni sehemu rahisi, unamaliza kabla chai haijapoa. Pesa inakwenda kwenye vyombo vya kulitengeneza: mashine za kukandamiza bodi, laini za injini, maelfu ya dakika za watu, na yote hayo yamelipwa kabla gari la kwanza halijauzwa. Magari 5 ni magari 5. Swali lilikuwa gari la 50,000, na nani angelinunua wakati mtumba wa Japani umesimama ng'ambo ya barabara kwa nusu ya bei. Gemu linakufundisha nusu ya kwanza ya jibu hilo vizuri kuliko mhadhara wowote niliowahi kuuripoti. Nusu ya pili hailijui, na mnajua kwa nini.

Kwa hiyo ninachowadai wenzangu wa kurasa hizi ni kazi. Tuyasome magemu haya kwa ukali tunaousomea vitabu, badala ya kuyaachia vijana wa YouTube wanaotuambia tu kama picha ni nzuri na kompyuta gani inalimudu. Tuna kitu cha kusema ambacho mhakiki wa Auckland au Berlin hatakisema, kwa sababu hajawahi kusimama Gerezani, au Grogan kule Nairobi, mkononi ameshika kipande cha plastiki kilichovunjika, akiuliza duka kwa duka kama kipo cha kufanana. Na waandishi wa riwaya, nanyi shukeni kwenye kiti cha nyuma. Mna mafundi mtaani wanaosoma gari kama mganga anavyosoma mgonjwa. Wanajua mwenye gari wa kwanza alikuwa na tabia gani, aliendesha wapi, alidanganya wapi. Nani kawaandika?

Wabunifu wa Camshaft wanaongeza vitu kila mara na wachezaji wanaleta maombi. Mimi nimeandika langu, kwa Kiingereza changu cha ofisini, na sikuomba kubwa. Sikuomba soko zima la mitumba. Nimeomba namba moja tu iongezwe kwenye karatasi ya injini, karibu na nguvu na okteni. Kwa injini ya V6 iliyokaa kwa upana wa gari, ile ambayo gemu linaisifu kwa kuokoa nafasi na ambayo fundi wa Sinza akiiona anavuta pumzi kwanza: ni bolti ngapi zinafunguliwa kabla mkono haujafika kwenye plagi ya nyuma.